Lefty Frizzell: Mwalimu wa Waimbaji Aliyesahauliwa

Kwa miaka mingi wapenzi wa muziki nchini Kenya wamemjua Jim Reeves kama mtu amjuavyo jirani yake. Sauti yake nyororo ilitoka redioni ikaingia majumbani, hata kwa watu wasiojua neno moja la Kizungu, na baada ya kufa kwake katika ajali ya ndege mwaka 1964 santuri zake hazikukoma kuzunguka. Lakini mtaje Lefty Frizzell mbele ya watu hao hao, na wengi watakuuliza ni nani huyo. Ajabu ni kwamba huko Marekani, ulikozaliwa muziki huo uitwao kantri, waimbaji wakubwa wenyewe ndio waliomtaja Frizzell kuwa mwalimu wao. Waliiga alivyolivuta neno, alivyoliachia, na mahali alipotua. Wengi wao walipata mali na sifa kumshinda yeye, na wapo waliozipata kwa nyimbo alizozitunga yeye mwenyewe.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Methali hiyo ni kana kwamba ilitungwa kwa ajili ya mtu huyu. Walakini maisha yake yana upande mwingine ambao methali haiufikii, na ni kwa ajili ya upande huo kwamba inafaa kumkumbuka.

Mtoto wa visima vya mafuta

Jina alilopewa na wazazi wake ni William Orville Frizzell. Alizaliwa tarehe 31 Machi, 1928, katika mji wa Corsicana, jimbo la Texas, akiwa kifungua mimba wa watoto 8. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa visima vya mafuta, na kazi hiyo ilikuwa kama ubaharia: leo hapa, kesho kule. Kazi ikisimama, familia hufunga virago na kufuata kisima kingine. Sehemu kubwa ya utoto wake aliipitisha El Dorado, katika jimbo la Arkansas, na huko ndiko alikoimba redioni kwa mara ya kwanza akali mtoto.

Jina la Lefty, maana yake mtu wa mkono wa kushoto, alilipata kwa ugomvi wa watoto. Baadaye, alipokwisha kuwa mashuhuri, wauzaji wa santuri zake walieneza habari kwamba jina hilo lilitokana na mashindano ya ndondi. Hadithi hiyo iliuza vizuri zaidi kuliko ukweli.

Mwalimu wake wa kwanza alikuwa gramafoni ya nyumbani. Humo alimsikiliza Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa reli wa Mississippi aliyegeuka mwimbaji, ambaye aliweza kuipandisha sauti na kuivunja ghafla kooni mpaka msikilizaji akahisi msisimko. Rodgers alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1933, wakati Frizzell ana umri wa miaka 5 tu. Kwa hivyo mwanafunzi hakumwona mwalimu hata siku moja. Alikaa karibu na gramafoni na kuisoma sauti kama mtoto asomavyo juzuu, herufi baada ya herufi.

Na hapa pana jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Santuri za Rodgers zilivuka bahari zikafika hata Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi nyimbo za wenyeji, aliwarekodi Wakipsigis katika sehemu za Kericho wakiimba habari za mtu waliyemwita Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, lilivyotamkwa kwa ulimi wa huko. Wasichana waliouimba mmoja wa nyimbo hizo walimfanya kuwa kiumbe wa ajabu, nusu mtu na nusu paa. Mwaka ule ule wa 1950, huko Texas, Frizzell alitoa santuri yake ya kwanza. Mwalimu alikwisha kuwa kaburini miaka 17, naye bado alikuwa akisomesha pande mbili za dunia.

Barua kutoka gerezani

Frizzell alioa mapema mno. Mwaka 1945, kabla hajatimiza miaka 17, alimwoa Alice Harper, na mwaka huo huo wakapata binti. Aliimba usiku huku na huku, akahamia na jamaa zake Roswell, katika jimbo la New Mexico, na huko ndiko alikojikwaa vibaya. Mwaka 1947, akiwa na miaka 19, alishtakiwa kwa kulala na msichana ambaye hajafikia umri unaokubaliwa na sheria, akafungwa jela. Hakuna haja ya kulipaka mafuta jambo hilo. Lilikuwa kosa zito, na aliyelipia aibu yake zaidi ya wote ni mkewe, aliyebaki nje na mtoto mchanga.

Akiwa ndani alimwandikia Alice barua, na nyingine katika barua hizo zilikuwa mashairi. Mojawapo ya tungo alizomwandikia ni I Love You a Thousand Ways, wimbo wa mume anayekiri kuwa amekosa na anayeahidi kutengenea. Msikilizaji asiyejua ulikotoka huuona kuwa ni wimbo wa mapenzi kama nyingine. Anayejua husikia ndani yake mtu anayeomba asiachwe. Alice hakumwacha, japokuwa ahadi zile hazikutimizwa zote.

Alipotoka jela alifanya kazi za mafuta pamoja na baba yake, na usiku akaimba katika mji wa Big Spring, Texas, katika kilabu kiitwacho Ace of Clubs.

Sauti ndani ya kelele

Yafaa hapa tueleze vilabu hivyo, kwani ndivyo vilivyompa muziki wake jina. Marekani iliporuhusu tena pombe mwaka 1933, pembeni mwa barabara za Texas na kando ya visima vya mafuta kulizuka vilabu vya ulevi na dansi vilivyoitwa honky tonk. Vibarua waliingia humo wakiwa na mshahara wa wiki mfukoni, na wengi wakatoka bila kitu. Humo ndimo ulimokulia muziki wenye jina hilo hilo: magitaa ya umeme yasikike juu ya kelele za chupa, mdundo mzito wa kuchezeka, na maneno yasiyoficha kitu. Ziliimbwa habari za talaka, za ulevi, za wivu, za mtu kufukuzwa nyumbani usiku. Hatuna haja ya kuvisifu vilabu hivyo ili kuyaelewa maneno yake, kwa sababu waliokuwa wakiimbwa walikuwa mbele ya mwimbaji, na uongo wangeutambua mara moja.

Katika mahali kama hapo, mwimbaji wa kawaida hushindana na kelele kwa kuipaza sauti. Frizzell alifanya kinyume. Aliipunguza. Aliimba kana kwamba anamwambia siri mtu aliyekaa naye meza moja. Neno la mizani moja alilivunja likawa na mizani tatu au nne. Akaishika irabu, akaipandisha kidogo, akaiteremsha, kisha akaiachia ipotelee katika neno lililofuata. Mpenzi wa taarab hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Anajua kwamba shairi lile lile, kwa mahadhi yale yale, hufa kinywani mwa mmoja na kufufuka kinywani mwa mwingine, na tofauti yote iko katika namna ya kulivuta neno. Kabla ya Frizzell, waimbaji wa kantri walikuwa na sauti nzuri, lakini wengi waliimba moja kwa moja, neno mahali pake na noti mahali pake. Yeye aliwaonyesha kwamba ndani ya neno moja mna nafasi ya kutembea.

Mwaka 1950 alikwenda Dallas, kwenye studio ya Jim Beck. Beck alizichukua nyimbo zake mpaka Nashville, na Don Law wa kampuni ya Columbia alipozisikia alimtaka mwimbaji mwenyewe. Tarehe 25 Julai, 1950, Frizzell alirekodi. Upande mmoja wa santuri hiyo ulikuwa If You've Got the Money I've Got the Time, wimbo wa mchezo wa mtu anayemwahidi mwenzake starehe madhali fedha ziko. Upande wa pili ulikuwa ule wimbo wa gerezani. Pande zote mbili, ule wa starehe na ule wa majuto, zilipanda mpaka nambari ya kwanza katika orodha za muziki wa kantri. Frizzell alikuwa na umri wa miaka 22.

Mwaka wa neema

Mwaka 1951 ulikuwa wake. I Want to Be with You Always ulikaa nambari ya kwanza kwa wiki 11, na Always Late ukakaa wiki 12. Ule alioutunga kwa ajili ya wazazi wake, Mom and Dad's Waltz, ulifika nambari ya pili. Mwezi wa Oktoba mwaka huo alikuwa na nyimbo 4 kwa wakati mmoja miongoni mwa 10 zilizopendwa zaidi, jambo lililowashangaza hata wenye biashara. Hakumsahau mwalimu wake pia: mwaka huo huo alitoa santuri nzima ya nyimbo za Jimmie Rodgers.

Wakati huo aliyekuwa juu ya wote ni Hank Williams. Wawili hao walifuatana katika safari moja ya maonyesho mwezi wa Aprili, 1951, na watu walijaa kuwatazama mahasimu waliokuwa marafiki. Hank alikufa siku ya kwanza ya mwaka 1953, akiwa na miaka 29, na kifo hicho kikamfanya kuwa hekaya. Frizzell aliishi. Kuishi kwake ndiko kulikomwonyesha jinsi jina linavyoweza kufifia mwenyewe akali hai.

Fedha zilikuja kwa wingi, na kwa wingi zikatoka. Alinunua magari, akavaa suti za fundi Nudie Cohn zilizoshonewa vito vya kumetameta, akawa miongoni mwa waimbaji wa mwanzo kuvaa hivyo. Pombe aliyoizoea vilabuni ilimfuata njiani. Daftari hakuwa nalo. Katika nyimbo zake za kwanza jina la Jim Beck liliandikwa kuwa mtunzi mwenzake, na kwa hiyo pato la utunzi likagawanywa. Kisha akatia sahihi mkataba na Jack Starnes wa Beaumont, Texas, aliyekuwa meneja wake, na mkataba huo ulimpa Starnes sehemu kubwa mno ya jasho la mwimbaji. Frizzell alipotaka kujitoa, jambo likafika kwa mawakili. Huyo Starnes baadaye alishirikiana na mwenzake mmoja kuanzisha kampuni ya santuri ya Starday, na ni kampuni hiyo iliyotoa santuri za kwanza za George Jones, kijana wa Texas aliyekuwa akimwiga Frizzell.

Hata baraza kubwa la kantri, Grand Ole Opry la Nashville, hakudumu nalo. Aliingia mwaka 1951 na baada ya muda mfupi akatoka. Baraza hilo lilitaka waimbaji wake warudi Nashville kila Jumamosi, na yeye hakuwa mtu wa kufungwa kamba. Mlango huo aliouacha ndio uliowalinda wenzake miaka ya shida ilipokuja.

Miaka ya kiangazi

Shida haikukawia. Alihamia California, akaimba katika maonyesho ya televisheni ya Town Hall Party, lakini santuri zake hazikupanda tena kama zamani. Katikati ya miaka ya 1950 aliingia Elvis Presley na muziki wa rock and roll, na vijana wakawafuata wageni. Jim Beck naye alikufa mwaka 1956, baada ya kuvuta mvuke wa dawa aliyokuwa akisafishia mitambo yake, na studio ya Dallas ikafa naye. Wenye kantri, ili wasizame, waliamua kuulainisha muziki: wakaongeza fidla nyingi na waitikiaji, wakapunguza ukali wa vilabu. Huo ndio muziki uliomfaa Jim Reeves na uliomfikisha kwetu. Muziki wa honky tonk ukaonekana kuwa wa kishamba.

Mara mbili aliinuka tena. Mwaka 1959 aliimba The Long Black Veil, utungo wa Danny Dill na Marijohn Wilkin, kisa cha mtu aliyekubali kunyongwa kwa kosa ambalo si lake kuliko kumfedhehesha mke wa rafiki yake, aliyekuwa naye usiku ule. Huimba akiwa keshakufa. Wimbo huo ulifika nambari ya 6, na tangu hapo umeimbwa na wengi, akiwemo Johnny Cash na Joan Baez. Mwaka 1964, akiwa sasa amehamia Nashville, wimbo wake Saginaw, Michigan ulifika nambari ya kwanza. Ilikuwa imepita miaka 12 tangu alipofika hapo kwa mara ya mwisho. Haikutokea tena.

Mkono uliotoa

Mpaka hapa msomaji anaweza kusema kwamba huyu ni mpotevu tu, mtu aliyepewa akachezea. Lakini mkono ule ule uliokuwa mwepesi wa kutapanya ulikuwa mwepesi wa kutoa, na kuna usiku mmoja unaolionyesha hilo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Frizzell alikwenda kuimba Bakersfield, California, katika ukumbi wa Rainbow Gardens. Nyuma ya jukwaa aliletewa kijana aliyesifiwa kuwa anaimba kama yeye. Kijana huyo alikuwa Merle Haggard, yatima wa baba, mtoro wa shule, aliyekwisha kuonja korokoro za watoto wakorofi. Frizzell alimsikiliza, akapendezwa, na akawaambia wenye ukumbi kwamba hatapanda yeye mpaka apande kwanza kijana huyu. Haggard akapanda, mkononi gitaa la Frizzell mwenyewe. Miaka michache baadaye Haggard alifungwa San Quentin. Alipotoka akawa mmoja wa waimbaji wakubwa kabisa wa kantri, na kisa cha usiku ule akakisimulia mara nyingi mpaka uzee wake. Mtu mwenye choyo asingeliacha jukwaa lake kwa mwigaji wake. Frizzell hakuijua choyo. Na kutoijua huko ndiko kulikomfilisi, na ndiko kulikoirithisha sauti yake.

Mwaka 1972 safari yake na Columbia, iliyodumu zaidi ya miaka 20, ilikwisha. Akaingia kampuni ya ABC, na huko, akishirikiana na mtunzi Whitey Shafer, akatunga nyimbo zinazohesabiwa kuwa miongoni mwa bora za maisha yake. Mmoja ni I Never Go Around Mirrors, wa mtu aliyeacha kujitazama kwenye kioo kwa sababu hawezi kustahimili anachokiona. Sauti yake ilikwisha kuwa nzito, na ule mvuto wa irabu uliokuwa madaha ya ujanani sasa ulikuwa na uchungu wa mtu aliyeyapitia. Mwingine, That's the Way Love Goes, uliimbwa na Johnny Rodriguez ukafika nambari ya kwanza mwaka 1974. Mtunzi alipata furaha ya kuuona wimbo wake kileleni, lakini kwa kinywa cha mwingine.

Alikuwa na ugonjwa wa presha, na pombe hakuiacha. Tarehe 19 Julai, 1975, alipatwa na kiharusi, akafa siku hiyo hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 47. Alizikwa Goodlettsville, karibu na Nashville, mbali na visima vya Texas.

Waliobaki nayo

Mwaka mmoja baada ya kifo chake, Willie Nelson aliurekodi upya ule wimbo wa kwanza wa fedha na nafasi, nao ukafika tena nambari ya kwanza. Mwaka 1977 Nelson alitoa santuri nzima ya nyimbo za Frizzell kwa heshima yake. Mwaka 1984 Merle Haggard aliupeleka That's the Way Love Goes kileleni mara ya pili, na ukampatia tuzo ya Grammy. George Strait, Keith Whitley na Randy Travis, waliourudisha muziki wa zamani miaka ya 1980, wote wamepita katika chuo chake. Na mwaka 1988 Roy Orbison, aliyekulia Texas kwenye visima vya mafuta kama yeye, alipojiunga na Bob Dylan na George Harrison katika kundi la Traveling Wilburys ambamo kila mmoja alijipa jina la kubuni, yeye alijiita Lefty.

Jumba la heshima la muziki wa kantri lilimwingiza Hank Williams mwaka 1961 na Jim Reeves mwaka 1967. Lefty Frizzell alingojea mpaka 1982, miaka 7 baada ya kuzikwa.

Watunzi wetu vijana, wa taarab na wa mashairi, wana la kuchukua hapa. Wajue kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi, na jina la mtunzi liandikwe lilivyo, lisigawanywe na mwenye mashine. Huo ni upande wa daftari, na Frizzell aliulipia kwa gharama kubwa. Lakini siku wakijiwa na kijana anayewaiga, tena anayewaiga vizuri, wakumbuke pia Rainbow Gardens. Na sisi wasikilizaji, tukimsikia mwimbaji akilivuta neno mpaka likatugusa, tuulize alijifunza kwa nani. Mara nyingi jibu lake ni jina la mtu ambaye hatujapata kulisikia.